Usiku Ule Alikuwa Yeye

"Nisamehe baba, huyu siyo yeye."

Mama alisema hivyo mlangoni kwetu, Keko, Dar es Salaam, saa saba usiku, Novemba 2016. Jirani alikuwa amekuja kulalamika kwamba kaka yangu amemgongea geti mara tatu akitaka kulipima kwa futi. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na khanga kwa mkono wa pili. "Ungemjua mwanangu usingesema ni yeye," akaongeza. Jirani akanywea, akatoa pole, akarudi kwake. Ndani, kaka alikuwa amekaa chini na kipande cha boksi na penseli, anapiga hesabu kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa.

Sentensi ile ilitufaa sana. Tuliitumia kwa mwenye nyumba, kwa ndugu wa wifi, kwa mjumbe, kwa wateja waliokuwa wanadai. Kila tulipoitamka watu walilegea. Kaka ilimwondolea aibu, na sisi ikatuondolea maswali. Lakini miaka imepita, nami nimekuja kuamini kwamba ilimdhulumu, na kwamba sehemu kubwa ya makosa tuliyoyafanya katika matibabu yake ilianzia palepale mlangoni. Naandika nikijua mama atasomewa haya. Aliyasema kwa mapenzi, na mapenzi yake siyatilii shaka hata kidogo.

Kaka ni seremala. Wakati ule alikuwa na miaka 31, ana karakana yake ndogo, mke na mtoto mmoja. Daktari alikuja kusema baadaye kwamba ni bipola, ugonjwa unaompandisha mtu mpaka hapati usingizi, kisha ukamshusha mpaka haoni sababu ya kuinuka kitandani. Mimi ni mdogo wake wa kumfuata.

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kusema kile alichosema mama. Mtu amerukwa na akili, kama vile akili ni ndege aliyekuwa ametua tu kichwani. Akipata nafuu, akili imemrudia. Au amepandwa. Huku pwani aliyepandwa na pepo huitwa kiti: pepo ndiye anayekaa, na mtu mwenyewe ni cha kukalia. Nilipokuwa mdogo neno hilo halikunishtua. Siku lilipotumika juu ya kaka yangu, mtu aliyekula na kusomesha wadogo zake kwa kutengeneza viti, lilinichoma. Katika misemo yote hiyo ama kuna aliyeondoka au kuna aliyeingia. Nimetafuta neno la mtaani linalosema kwamba mtu ni yuleyule, yuko hapahapa, na anaumwa. Sijalipata.

Nilisoma falsafa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko ndiko nilikokutana na sentensi ya mama kabla mama hajaisema. John Locke, Mwingereza aliyezaliwa 1632 na aliyesomea pia udaktari, aliongeza sura moja katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa juu ya akili ya binadamu, lililotoka 1694. Sura hiyo inauliza ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana. Jibu lake ni ufahamu: mtu ni yuleyule kadiri ufahamu wake unavyoweza kurudi nyuma ukakishika kitendo cha zamani na kukiita changu. Humo humo anaugusa wazimu. Anasema sheria za binadamu hazimwadhibu mwendawazimu kwa aliyoyatenda mwenye akili timamu, wala mwenye akili timamu kwa aliyoyatenda mwendawazimu, na kwa hiyo zinawafanya watu wawili. Kisha analeta ushahidi wa mtaani: hata watu wa kawaida husema kwamba fulani siyo yeye. Miaka 322 baadaye mama yangu, ambaye hajawahi kulisikia jina la Locke, alikisema kitu kilekile akiwa ameshika fremu ya mlango.

Darasani niliipita aya hiyo haraka, kwa kuwa mwalimu alikuwa na hamu na mambo mengine ya sura ile. Niliirudia 2017, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa halikai sawa. Kaka anakumbuka. Hajasahau siku hata moja ya wiki zile tatu. Anakumbuka geti la jirani lilikuwa futi kumi kwa saba. Anakumbuka khanga ya mama ilikuwa ya rangi gani, na nani kati yetu alilia, na nani alicheka kwa woga. Anaposimulia hasemi "yule". Husema "nilipogonga", "nilipopima". Kwa kipimo cha Locke mwenyewe basi, aliyegonga geti na aliyerudi karakanani ni mtu mmoja, na sheria iliyowakata vipande viwili iliwakata kwa sababu haikuona njia nyingine ya kusamehe.

Na lile boksi ninalo mpaka leo. Kaka alikuwa na yakini kwamba hoteli mpya inajengwa Kigamboni na amepewa oda ya vitanda 120. Hoteli haikuwepo. Lakini ukishaikubali hoteli, yote yaliyobaki ni useremala mtupu. Kitanda cha futi tano kwa sita, mbao 14. Vitanda 120, mbao 1,680. Asilimia kumi ya kupasuka na kupinda, mbao 168. Jumla 1,848. Chini yake msasa, gundi, vanishi, misumari, nauli ya kirikuu kutoka Keko mpaka kwenye pantoni, posho ya mafundi tisa. Nimeihakiki hesabu hiyo mara nyingi, haina kosa. Na jumla imepigiwa mstari mara mbili, wa pili mfupi kuliko wa kwanza, kama anavyofanya kwenye kila risiti aliyowahi kumwandikia mteja.

Hili nalo Locke aliliona, mahali pengine katika kitabu kilekile. Aliandika kwamba wenda wazimu hawakupoteza uwezo wa kufikiri. Wameunganisha mawazo vibaya mahali fulani, wakayashika kama kweli, kisha wakatoa hoja sahihi kutoka msingi usio sahihi. Anayejiona mfalme anadai watumishi na heshima, kama inavyompasa mfalme. Anayejiona ameumbwa kwa kioo anatembea kwa hadhari asivunjike. Tunasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zilizokuwa kwenye boksi lile zilikuwa za kaka, na unywele mmoja tu ulikuwa umeota pasipo pake. Kama hakuwa yeye, nani aliyekuwa na ufundi wake, mwandiko wake na ule mstari mfupi wa pili?

Tulimpeleka kwanza kwa shehe, maana ndivyo mama alivyojua, na sitathubutu kulibeza hilo. Alisomewa, akanywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Kisha shehe akaanza kumhoji aliyekuwa ndani: Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwa huyu? Kaka alijibu kwa jina lake, jina la baba na jina la babu. Shehe akasema jini ni mwongo.

Wiki iliyofuata tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, amechoka, nje kuna foleni mpaka kwenye ngazi. Alimuuliza mama: Halali siku ngapi? Anakula? Ameshawahi kupiga mtu? Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha katikati, kati ya mama na mimi. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili mama aliweka mkono juu ya goti lake.

Shehe alimuuliza jini, daktari akamuuliza mama. Nimeyafikiria sana mambo hayo mawili, kwa sababu tumezoea kuyaona kama dunia mbili zinazogombana, dawa za kienyeji na za hospitali, imani na sayansi. Kwa kaka zilikuwa nyumba mbili zenye mlango mmoja. Zote zilianza na imani kwamba yeye hayupo.

Pale Mlimani tulibishana wiki nzima juu ya Descartes, mwanafalsafa Mfaransa. Mwaka 1641, alipokuwa anatafuta kitu kisichotiliwa shaka, aliwataja watu wanaojiona wafalme ilhali ni mafukara, au wameumbwa kwa kioo, akasema hao ni wenda wazimu, naye angekuwa mwendawazimu kama wao akijipima kwao, akapita. Mwaka 1961 mwanafalsafa Michel Foucault akadai kwamba hapo ndipo fikra za Ulaya zilipoufungia wazimu nje ya mlango. Mwaka 1963 mwenzake Jacques Derrida akampinga. Ni mjadala mzuri na bado naupenda. Lakini katika wiki ile nzima hatukujiuliza aliyefungiwa nje angesema nini kama angeulizwa.

Kaka alipewa haloperidol. Dawa hii iligunduliwa Ubelgiji 1958, miaka sita baada ya klopromazini kuanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa sana katika hospitali zetu. Inafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Wazo linalokimbia linapunguza mwendo, usingizi unarudi. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayoufanya mwendo wa misuli uwe laini, kwa hiyo baadhi ya watu hukakamaa, uso hukosa mchezo, mikono hutetemeka kama ya mzee. Kuna kidonge kingine cha kupunguza hayo, benzheksoli. Kaka hakupewa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anakihitaji. Na hakuna aliyejua kwa sababu aliyekuwa anajua hakuwa anasikilizwa.

Aliporudi karakanani Januari alikuwa mpole, analala, anakula. Sote tukasema: sasa ndiye. Mama akachinja kuku wawili. Siku ya tatu kaka akashika randa, na randa ikawa inacheza juu ya mbao. Alijaribu patasi akaikwangua kona ya mguu wa meza ya mteja. Akatuambia, "Mikono yangu haifanyi kazi." Tukamwambia avumilie. Akasema tena. Akasema kwa wifi, kwa mama, kwangu, kwa nesi wakati wa kuchukua dawa. Nesi akasema wote husema hivyo, wanatafuta sababu ya kuacha. Nasi tukamwamini nesi. Tulikaa miezi saba tukimhesabu kama mtu anayekataa dawa, na kila alipotaja mikono tulisikia ugonjwa ukiongea.

Miezi saba, na huyu ni mtu anayekula kwa mikono hiyo.

Wanafalsafa wanaojadili matibabu ya lazima wanapenda kutaja hadithi ya Kiyunani ya baharia Odysseus. Alijua watapita mahali penye viumbe wanaoimba, na kila anayewasikia huelekeza chombo kwenye miamba. Alitaka kusikia na alitaka kuishi. Akawaambia mabaharia wamfunge kwenye mlingoti, na akiomba kufunguliwa wazidi kumkaza. Wao wakazibwa masikio kwa nta. Wanaoitumia hadithi hii husema: tazama, mtu mwenye akili timamu anaweza kumfunga yule atakayekuwa baadaye, na kumfunga huko ni kumheshimu. Nakubaliana nao. Ila wanapomaliza kuisimulia mimi hubaki na ile nta. Mabaharia waliziba masikio wasisikie nyimbo, na kwa nta hiyohiyo wasingemsikia kama angewaambia kamba inamkata kifundo cha mkono. Ndivyo tulivyokuwa sisi. Tulikuwa na haki ya kumfunga, pengine. Hatukuwa na haki ya nta.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, ndiye aliyemtazama kaka akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akamwambia, "Shika hii kalamu baba, niandikie jina lako." Akaitazama karatasi. Akapunguza haloperidol, akaongeza benzheksoli, na baada ya muda akamhamishia kwenye kabamazepini, dawa ambayo wengi huijua kwa kifafa. Lile swali la kalamu halikuchukua hata dakika moja.

Mwaka 2018 kaka aliniomba nimsindikize Kigamboni. Alitaka kuona mahali pa hoteli. Tulivuka na pantoni asubuhi, tukapanda bajaji, tukafika. Minazi, mbuzi wawili, msingi wa nyumba ya mtu ulioachwa ukaota majani. Alisimama pale muda mrefu. Nilikuwa na maneno ya kumfariji tayari mdomoni, yale yale, kwamba hakuwa yeye. Akaniwahi.

"Nilikuwa na hakika, mdogo wangu. Hakika ile ilikuwa yangu. Mkisema hakuwa mimi, mnampa nani?"

Tukiwa tunarudi, tumesimama ukingoni mwa pantoni kati ya baiskeli na ndoo za samaki, aliuliza swali ambalo nimelisikia pia kwa wagonjwa wengine kliniki, kila mmoja kwa maneno yake: kama kidonge ndicho kinachomrudisha yeye, je, kidonge kikikosekana kwenye dirisha la dawa atakuwa nani? Nikamsimulia habari za John Cade, daktari wa Australia aliyeonyesha 1949 kwamba chumvi ya lithiamu, madini yanayopatikana kwenye mawe, inaweza kumtuliza mtu aliyepandwa na ugonjwa huu. Nilitaka kumwonyesha jinsi swali lake lilivyo zito: chumvi tu, na utu wa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mbao nayo inataka maji yake kwa kipimo. Ikiwa mbichi inapinda, ikikaushwa kupita kiasi inapasuka. Fundi anaikausha mpaka ifae kufanyiwa kazi, na mninga ukikauka unabaki mninga, haujawa mti mwingine.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya utambulisho wa mtu, za waandishi wenye majina makubwa. Hilo la mninga ndilo ninalolitumia.

Kuna upande wa pili, na si mwepesi. Agosti 2019 dawa zilikosekana wiki tatu, pesa ya kununua nje nayo haikuwepo, na usiku mmoja tukapigiwa simu kwamba kaka yuko katikati ya Barabara ya Kilwa anaongoza magari. Malori ya mizigo, daladala za mwisho kwenda Mbagala, na yeye katikati kavaa shati jeupe. Bamdogo na mafundi wawili walimkimbilia wakamkamata. Alipigana. Tukamfunga mikono kwa khanga, tukampakia kwenye bajaji, tukampeleka. Hakuridhia. Alisema hapana kwa Kiswahili safi zaidi ya mara ishirini.

Ningerudia kufanya vile leo hii. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake kwa masharti maalumu, na usiku ule nilishukuru kwamba inaruhusu. Wakati huohuo nchi yetu iliridhia 2009 ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, ambao ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine. Na 2014 kamati inayosimamia mkataba huo ikafafanua kwamba kuamua kwa niaba ya mtu kuachwe, mahali pake pawe na kumsaidia aamue mwenyewe. Nimezisoma hati hizi mbili mezani, moja kulia, moja kushoto. Kwa usiku wa Barabara ya Kilwa nasimama na sheria. Kwa miezi saba ya mikono nasimama na mkataba, kwa moyo wangu wote.

Maana kumshika mtu hakudai uamini kwamba hayupo. Tunamshika mtoto asiingie barabarani, na mtoto yupo. Tunamnyang'anya rafiki aliyelewa ufunguo wa pikipiki, na kesho yake hatusemi jana alikuwa mtu mwingine. Baadaye kaka aliniambia: "Mlifanya vizuri kunishika. Ila bajaji nzima mliongea juu yangu. Hakuna aliyeniita jina."

Mama alipoona nabishana naye juu ya sentensi yake alinijibu kwa hadithi mashuhuri ya Mtume: kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. "Umeona?" akasema. "Haandikiwi. Kwa sababu siyo yeye." Nilikaa na hadithi ile siku kadhaa. Kisha nikamrudia. Mama, nani amewahi kusema aliyelala siyo yeye? Ukilala na ukaamka, si wewe uleule? Kalamu imeinuliwa, lakini daftari ni lako, jina lililoandikwa juu ni lako, na linakungoja. Locke alipotaka kusamehe aligawa mtu. Hadithi inasamehe bila kugawa. Mama hakusema kitu. Aliendelea kuchambua mchele, na mimi sikumsukuma.

Deni la wateja wale lilikuwa shilingi 1,400,000. Ndugu walikaa kikao wakasema lisamehewe au tuchangiane, maana hakuwa yeye aliyechukua. Kaka akasema ni yeye. Akalilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, kabati na meza, na mara moja aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mnanifutia deni, kisha mnaninyima na kauli."

Tunapenda kusema mtu ni watu, na tunajivunia kwamba sisi Waafrika hatumwachi mtu na kichwa chake peke yake. Ni kweli. Nigeria, katika miaka ya 1950, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wake wakaishi vijijini pamoja na ndugu zao jirani na hospitali ya Aro, na dunia ikaja kujifunza. Lakini mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti aliposema kwamba utu ni kitu ambacho jamii inamjalia mtu hatua kwa hatua, Mghana Kwame Gyekye alimpinga, akisema mtu ni mtu kabla jamii haijamjalia chochote. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa upande wa Menkiti. Nikihesabu waliokaa kwenye bajaji ile, naona hatari ya watu wanaompa mtu utu: wanaweza pia kumpokonya, kwa sauti ya huruma.

Mwaka 2020 kaka alinunua kaunta buku. Aliandika akiwa mzima, jioni tatu mfululizo, wifi na mimi tumekaa naye. Kule India sheria ya 2017 inamruhusu mtu mzima kuandika mapema jinsi anavyotaka kutibiwa na asivyotaka, na kumtaja atakayemwakilisha. Daftari letu halina muhuri wowote, lakini yule daktari mama alilisoma lote, akauliza maswali kwa kaka, akatia nakala kwenye faili. Limeandikwa dalili: nikinunua mbao bila oda, nisipolala usiku tatu, nikipima visivyo vyangu. Limeandikwa nani aamue: wifi, halafu mimi, bamdogo hapana. Simu yenye pesa apewe wifi. Sindano siku za mwanzo naikubali, lakini isipite wiki mbili bila mtu kuniuliza habari za mikono, na jibu langu liandikwe. Nikishikwa, niitwe kwa jina, niambiwe napelekwa wapi. Wino wa mstari huo wa mwisho umekolezwa mara mbili.

Mwaka uliofuata aliomba dozi ipunguzwe, kwa ajili ya kazi ya nakshi. Daktari alimweleza hatari, akaelewa, akachagua. Mwaka 2022 akaanza kupanda. Wifi alimkuta saa kumi usiku anapima kaunta ya duka la jirani, akafungua kaunta buku, na baada ya siku nne kaka alikuwa analala. Mama anasema hilo ndilo thibitisho kwamba tulikosea kumwachia. Mimi sioni hivyo. Mtaani kwetu kuna mzee mwenye kisukari ambaye hajaacha ubwabwa na chai ya sukari, na sote tunamwita mbishi. Hakuna anayesema kisukari ndicho kinachochagua. Kaka alipopunguza kidonge kwa sababu ya patasi, tukasema ni ugonjwa. Mtu anaweza kuamua vibaya na bado awe ameamua. Nakshi ile aliipima dhidi ya hatari, akiwa na taarifa zote na miaka karibu mitano ya uzoefu ambao mimi na mama hatuna. Hiyo naiita akili, hata kama ningechagua tofauti.

Sijui kama ningekuwa imara hivi kama asingerudi kulala siku ya nne. Kuna miezi alipokuwa chini ambayo sitaiandika hapa, na katika miezi hiyo nilifungia visu kabatini na sikumwomba mtu ruhusa.

Kabla ya kuiweka makala hii nilimpelekea karakanani, kurasa tisa nilizozichapisha steshenari. Alifuta vumbi la mbao mikononi, akasoma akiwa amesimama, penseli sikioni. Wifi akasogea akasoma nyuma ya bega lake. Kwenye aya ya boksi alisimama. Mimi nilikuwa nimeandika kwa kumbukumbu, bila kulitazama boksi lenyewe, kwamba kila kitanda kilikula mbao 12. Akatoa penseli, akakata, akaandika 14, akarekebisha jumla zote tatu mpaka chini, akapiga mstari, na mwingine mfupi.

"Chaga," akasema. "Umesahau chaga."